Besi Wangu Walikosea Sawasawa

Mtu mmoja akikosea noti, amekosea. Watatu wakikosea noti ileile, mahali palepale, kwa namna ileile, hao wamefundishwa. Nililijua hilo Jumamosi moja alasiri tukiwa katika mazoezi ya kwaya kanisani kwetu, karibu na Kangeta, kabla sijajua mwalimu wao ni nani. Mwanamume akirudi nyumbani akamkuta mkewe akiimba wimbo ambao nyumba hiyo haijawahi kuusikia, huwa na swali moja tu. Mimi nilikuwa na swali hilo, na wanaume watatu wenye shingo nene wa kuulizwa.

"Rudieni," nikasema.

Wakarudia. Mahali ambapo besi, waimbaji wa sauti nzito ya chini, wanapaswa kupanda, wakashuka. Walishuka pamoja, taratibu, kwa raha, kama watu wanaoijua njia. Mkubwa wao, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kutikisa vioo vya madirisha, hata alifumba macho.

"Hiyo mmeitoa wapi?"

Wakatazamana. "Tumekosea tu, mwalimu," akasema yule mzee.

Inabidi nieleze wimbo wenyewe, la sivyo mtanidhania mwendawazimu. Wako walionidhania hivyo hata baada ya maelezo. Ni wimbo wa kwaya wa Kilatini, mrefu, wenye sehemu nyingi, wa kumtukuza Mungu. Ulitungwa Ulaya karibu miaka mia tatu iliyopita, enzi ambayo wanamuziki huiita Baroki, wanaume wa huko walipokuwa wakienda kanisani na nywele za bandia. Jina lake na la mtunzi wake nitayaacha, maana wivu wangu haujapoa kiasi cha kuwaonyesha watu njia ya kuutafuta. Unaanza kwa vishindo, wote wakimsifu Mungu kwa furaha, halafu ghafla unatulia. Sehemu ya pili huomba amani polepole sana, sauti moja ikiingia, nyingine ikaifuata, ya tatu ikakaa juu ya hizo mbili bila kuzisukuma. Nikiisikia sehemu hiyo, hata leo, siwezi kuongea na mtu. Mke wangu alishazoea. Aliwaambia wageni, "Mwacheni, yuko na Mlatini wake." Siku nyingine, akiwa hana mzaha, aliniambia kwamba huyo Mlatini angekuwa mwanamke, yeye angejua nyumba ya kwenda kutukania.

Nilikutana na wimbo huo katika chuo cha ualimu, miaka ya sabini. Mwalimu wetu wa muziki alikuwa mama mmoja Mzungu aliyekuwa na santuri yake, na siku moja baada ya chakula cha mchana akatupigia. Darasa zima lilisinzia isipokuwa wanafunzi wawili. Mmoja alikuwa mimi. Wa pili alikuwa msichana kutoka upande wa Kiritiri, kule Mbeere kwenye joto na mbuzi, naye alikuwa akilia bila kujificha. Nilimchukia papo hapo. Nilikuwa nimedhani wimbo ule umeletwa chuoni kwa ajili yangu.

Yule mama alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alituita sote wawili. Mimi akanipa kitabu cha noti. Yule msichana akampa kaseti aliyokuwa ameinakili kutoka kwenye santuri. "Wewe una macho," akaniambia, "na huyu ana masikio." Nilishukuru kwa adabu, lakini moyoni niliona nimepunjwa. Noti ninazo, sauti sina. Mwenzangu alikuwa na sauti, akakosa noti, na nadhani naye alikuwa na kinyongo chake. Wenzetu walitutania kwamba tuoane basi, ili vitu hivyo viwili vikae nyumba moja. Sikucheka. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo hilo, na sikuona namna ya kuipata kaseti bila kumchukua na mwenyewe.

Yeye alipangiwa kufundisha Embu mjini, mimi nikarudi kwetu Meru. Tulikuwa tukionana kwenye mashindano ya muziki ya shule, tunasalimiana kiualimu, tunaulizana habari za watoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake, hebu nionjeshe. Nilikuwa nimejiapiza jambo moja: mtu wa kwanza kuuimbisha wimbo ule wote, mwanzo hadi mwisho, upande huu wa Mlima, atakuwa mimi. Sikutaka kuwa mwalimu mkuu. Sikutaka shamba la pili. Nilitaka hilo tu, na kila nilipomwona yule mwanamke akipanda jukwaani na kwaya yake nilishika kiti nikiomba asije akaanza kwa Kilatini.

Lakini kwaya ya kijijini huipi kitabu cha noti ikaimba. Kwetu watu husoma solfa, yaani do re mi iliyoandikwa kwa herufi, kwa hiyo ilinibidi niuhamishe wimbo wote, noti kwa noti, kwa kalamu nene juu ya karatasi za manila. Kisha kila sauti hufundishwa peke yake. Soprano hubaki ndani ya kanisa, alto huenda jikoni, tenori husimama barazani, besi kule nyuma kwenye tangi la maji, na hawakutanishwi mpaka kila mmoja aweze kuimba bila kutazama karatasi. Katikati ya hayo kuna kupalilia, kuna kuvuna, kuna matanga na harambee. Watoto waliobatizwa tulipoanza walikuwa wakienda shule tulipofika nusu.

Tena kulikuwa na shida ya besi. Besi ya kweli haipatikani ovyo. Mungu huigawa kwa ubahili, na upande wetu aliwagawia watu wa biashara ya miraa, yaani mirungi. Asubuhi na mapema walikuwa sokoni Kangeta wakifunga mabunda kwenye majani ya mgomba, wakiyapakia kwenye pikapu, kisha mbio hadi Nairobi kabla majani hayajanyauka. Walilala huko, wakarudi kesho yake. Kanisa lilikuwa limeelewana nao bila kuandikiana: kutafuna ni dhambi, kuuza ni kazi. Nami niliwabembeleza kuliko nilivyowahi kumbembeleza mtu yeyote. Soprano akikosa mazoezi nilimfokea mbele ya watu. Besi akikosa nilimwuliza kama mtoto amepona.

Ndiyo maana Jumamosi ile sikupiga kelele. Mazoezi yalipokwisha nilimfuata mmoja wao, yule aliyekuwa dereva wa pikapu, kule kwenye tangi la maji.

"Niambie ukweli," nikasema. "Mnaimba wapi kwingine?"

Akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi. "Mwalimu, usikasirike. Ni pale tu Embu, tukitoka Nairobi gari ikiwa empty. Tunasimamaga hapo chai. Sasa siku moja tukasikia kwaya wakifanya practice kwa kanisa, na ni ile song yetu. Ungekuwa ni wewe ungepita?"

"Anafundisha nani?"

"Kuna madam mmoja."

Nilikuwa nimemjua kabla hajafungua kinywa.

"Hakuwa na besi," akaendelea. "Alikuwa na vijana wawili hivi, sauti kama ya kuku. Tukaona tumsaidie kidogo."

"Tangu lini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akaona heri afunge bomba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Noti zile nilizozihamisha hadi macho yakatoa machozi zilikuwa zimesafirishwa bure hadi Embu, vichwani mwa wanaume wa pikapu tupu, wakapewa chai na mkate. Nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuacha. "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," akasema. Nikamjibu kwamba nimeshakonda. Akaniangalia tumbo, akarudi kwenye maharagwe.

Alhamisi, siku ya mazoezi yao, nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nina shughuli katika ofisi ya elimu ya mkoa, nikaenda Embu. Nilifika kanisani jioni jua likiwa bado lipo. Nikaingia kwa mlango wa nyuma na kofia yangu, nikaketi nyuma ya nguzo kama mgeni aliyekuja kuomba. Mbele alisimama yeye, amenenepa kidogo, miwani kwenye kamba shingoni, hana karatasi hata moja mbele yake. Na kule mstari wa nyuma walisimama watu wangu watatu. Walikuwa wamechana nywele. Kwangu hawakuwahi kuja wamechana nywele.

Wakaanza ile sehemu ya pili. Nitasema kama nilivyosikia. Alto zake hazikuwa safi, tena zilikuwa chache, na Kilatini chao kilikuwa na harufu ya Kimbeere. Nilikuwa ninayahesabu makosa hayo kwa furaha. Halafu wakafika mahali pale, na badala ya kupanda, sauti zote nne zikaanza kushuka, moja ikiiachia nyingine, kwa mwendo wa akina mama wa Mbeere wanapoimba wakipura mawele, mwenye kuchoka akipokewa na aliyepumzika. Haikuwa katika kitabu changu. Mtunzi mwenye nywele za bandia hakuijua. Na ilikaa pale kana kwamba wimbo wote ulikuwa ukiingoja. Nilivua kofia bila kujua. Nilitaka wakome, na nilitaka warudie, na nilimchukia yule mwanamke kuliko siku ile ya santuri.

Aliniona walipokuwa wakitoka.

"Mwalimu! Kumbe umekuja kuwachukua watu wako?"

"Nilikuja ofisi ya elimu."

"Ofisi ya elimu imefungwa saa hii," akasema, na akacheka kwa wema, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Besi wangu walikuwa wamepata ghafla kazi ya kupanga viti.

"Pale kwenye sehemu ya pili," nikasema, "mnaposhuka. Hiyo umeitoa wapi?"

"Ah, hiyo! Hiyo ni makosa ya redio." Akanieleza kwamba miaka mingi iliyopita redio ya nyumbani kwake ilimeza ule mkanda. Aliuchomoa kwa kalamu, akakata kipande kilichokunjamana, akaunganisha ncha mbili kwa rangi ya kucha. Tangu hapo kaseti hufika mahali pale ikaruka. "Na mimi sikukumbuka tena palikuwa na nini. Mtoto akirarua nguo, unafanya nini? Unatia kiraka cha kitambaa ulicho nacho. Hawa wanaume wako walijaribu kuniambia, 'Madam, hapa kwetu besi inapanda.' Nikawaambia, hapa kwangu inashuka."

Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Mimi ninao mzima. Yeye ana kiraka. Nilingoja aniombe nimwonyeshe palivyo, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa kumnyima kwa upole. Hakuomba.

"Utauimba wote lini?" akaniuliza badala yake. "Watu wangu wananisumbua tuuimbe, lakini nimewaambia hatuanzi kabla ya mwalimu wa Meru. Yeye ndiye aliyepewa noti."

Nikarudisha kofia kichwani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikishindana mbio na mtu ambaye alikuwa ameketi kando ya barabara akinisubiri nipite.

Nilirudi Kangeta nikijiambia kwamba sasa nimetulia, lakini kile kiraka kilirudi nami. Nilikamua ng'ombe nikiwa nacho. Nilisahihisha mitihani ya Kidato cha Pili nikiwa nacho. Nikifungua kitabu changu nisome palivyo kweli, macho yaliona noti zikipanda na masikio yakazisikia zikishuka. Mke wangu alisimama mlangoni pa zizi asubuhi moja akasikiliza. "Huyo ni Mlatini mwingine?" akauliza. Nikamwambia ni yuleyule. "Basi leo amevaa vizuri," akasema, akaenda zake na ndoo.

Siku yetu ilikuwa ufunguzi wa kanisa jipya la mawe. Niliwaita wale watatu kando nikawaambia neno moja: atakayeshuka, ashuke moja kwa moja mpaka nje ya kwaya. Yule mwanamke alikuja kutoka Embu na waimbaji wake kadhaa, wamevaa kitenge cha aina moja, wakaketi benchi la tatu. Nikainua kijiti changu cha kuongozea kwaya.

Tuliimba wote, mwanzo hadi mwisho. Soprano hawakupiga kelele, tenori hawakukimbia, na besi, Mungu awabariki, walipanda palipotakiwa kupandwa, kila mmoja kwenye noti yake, macho wamenikodolea bila kuyabandua. Hapakuwa na kosa. Nami nikiwa nimesimama mbele ya kwaya yangu, siku niliyoililia tangu ujana, tulipofika mahali pale niliona tumepita. Ni hivyo tu. Tulipita, sawasawa kabisa, na ndani yangu kuna mtu alibaki nyuma akisubiri ile sauti ya kushuka. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akanishika mkono akaniita hazina. Nilitabasamu huku nikitazama benchi la tatu.

Alinijia wakati wa chai, nyuma ya kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera, mwalimu. Sasa nimeusikia."

"Na pale katikati?"

"Ni pazuri. Nilikuwa najiuliza miaka yote hii palikuwa na nini."

"Nikuandikie?" nikasema. "Kwa solfa. Si kazi kubwa." Nilikuwa nimelilinda neno hilo tangu tukiwa chuoni, na sasa nililitoa nikiwa karibu kulisukuma mdomoni mwake alipokee.

Akafikiria kidogo, akipuliza chai. "Hapana, asante. Wale wangu wameshazoea kwetu. Nikiwapandisha sasa watanisumbua. Na kusema kweli, hata mimi nitapakosa."

Hakusema kwa kiburi. Kama angesema kwa kiburi ningepona siku hiyo. Nilisimama pale na kikombe changu nikaelewa tofauti yetu. Wimbo niliokuwa nao mimi, mzima, usio na doa, watu duniani wanao kwa maelfu. Anayetaka anunue kitabu. Alichokuwa nacho yeye hakikuwa katika kitabu chochote wala santuri yoyote, na kama angekufa kesho kingebaki kwa akina mama wachache wa Embu na wachuuzi watatu wa miraa. Watu wangu wenyewe walikuwa nacho. Mimi peke yangu ndiye sikuwa nacho. Nimewahi kuona wivu maishani mwangu, lakini ule wa mwanzo ulikuwa mazoezi tu.

"Basi nifundishe," nikasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Yule mzee wa kanisa, besi wangu mkubwa, aliyekuwa akitafuna mandazi karibu yetu, aliacha kutafuna.

Yule mwanamke akanitazama. Akavaa miwani yake, akanitazama tena.

"Kwaya yangu ni Alhamisi," akasema. "Lakini kule wewe si mwalimu. Una sauti gani siku hizi?"

"Besi. Iliyochoka."

"Utasimama nyuma na hao wenzako."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Mke wangu aliona ninazunguka, akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha akanipigia pasi shati. Alhamisi nikapanda basi la Embu bila kusingizia ofisi yoyote.

Aliniweka mstari wa nyuma, kati ya mzee wa kanisa na dereva wa pikapu, nao wakasogea kunipa nafasi bila kuthubutu kunitazama. Sikuwa na kijiti. Mikono sikujua niipeleke wapi. Wakaanza ile sehemu ya pili, sauti moja, kisha nyingine, nami nikaingia kwa zamu yangu. Tulipokaribia mahali pale koo langu, kwa mazoea ya miaka yote ile, lilishajiandaa kupanda. Yule mwanamke akainua kidole, akawaacha soprano wake wajiongoze, akageuka akanikazia macho mimi peke yangu, na hakuyatoa mpaka aliposikia nimekosea pamoja na wengine.